Shanga za Mtoto wa Magdalena

Umewahi kumhamisha mtu? Si kumsaidia jirani kubeba kitanda na masufuria. Kumhamisha: kusimama mlangoni kwake na karatasi mkononi, ukamwambia kwamba kuanzia kesho hapa si kwake tena, na nyuma yako lori limeshawashwa.

Nathanaeli aliwahi. Alikuwa na miaka ishirini na mitatu, ametoka chuoni mwaka uleule, na moto wake ulikuwa haujapata maji. Aliamini kwamba watu waliotawanyika maporini, nyumba moja huku na nyingine ng'ambo ya bonde, hawatapata shule wala kisima wala dawa hata dunia iishe. Jambo hilo lilikuwa kweli na bado ni kweli. Anayelibisha na aje aseme atampelekaje mwalimu kwenye nyumba moja yenye watoto wawili. Basi alihamisha kaya sitini, akazipeleka mahali palipopewa jina la Mwamko, mbele ya Ulemo, na kazi ikamalizika kwa siku tano. Mwaka mmoja na nusu baadaye Mwamko kulikuwa na shule ya madarasa matatu, kisima chenye pampu, na zahanati yenye muuguzi. Nathanaeli alivitaja vitu hivyo vitatu kwa yeyote aliyekaa naye kiti kimoja kwenye basi.

Mwezi wa tano mwaka sabini na sita aliitwa Dodoma kwenye semina. Alilala Ulemo kwa dada yake Febronia, na asubuhi, wakati anakunywa uji, binti wa Febronia aitwaye Anastazia alimpanda magotini akakataa kushuka. Alikuwa na mwaka na nusu, mzito kama gunia dogo la mtama. Nathanaeli alimshika kiunoni kwa mikono miwili, akamnyanyua juu, akamshusha, akamnyanyua tena mpaka kondakta alipoanza kupiga bati la basi. Febronia akamkimbilia na kumwambia dirishani, "Usisahau shanga za huyu mwanao. Singida mjini, nyuma ya soko. Uliza kwa Mama Hussein."

Basi likamshusha Singida saa nane mchana. La Dodoma lingeondoka kesho yake saa mbili. Alichukua chumba, akanawa vumbi, akaenda kutafuta duka hilo.

Halikuwa na kibao. Lilikuwa kati ya fundi cherehani na muuza asali, mlango wa kijani uliobambuka rangi, na ndani yake alikuwa ameketi Kudra binti Othmani, ambaye mji mzima ulimwita Mama Hussein.

Inafaa kumjua mwanamke huyu kabla Nathanaeli hajafungua mdomo. Baba yake alitoka pwani akaja Singida na kazi ya reli, zamani, enzi za Mwingereza. Reli ilipong'olewa, wenzake waliyafuata mataruma kule yalikopelekwa. Yeye akabaki. Alipoulizwa kwa nini, alijibu kwamba yeye si chuma. Alikuwa ameoa Mnyaturu wa Unyambwa, na mke huyo ndiye aliyejua shanga. Alimfundisha binti yake kupaka uzi nta ili usioze kwa jasho, kuchagua chembe kwa ncha ya ulimi pale macho yanapochoka, na juu ya yote kutofunga fundo la mwisho mpaka mwenye kiuno awe amesimama mbele yako. Uzi hutungwa, ncha zake mbili huzibwa kwa nta, hutundikwa msumarini ukiwa wazi. Mwenyewe akija, unazungushwa mwilini, unafungwa hapo hapo. Kudra aliishika kanuni hiyo miaka thelathini na zaidi. Aliolewa mara mbili, akazika waume wawili, akazaa watoto watano na kubaki na mmoja, na katika yote hayo hakuna mtu aliyewahi kutoka dukani kwake na ushanga uliofungwa kwenye karatasi.

Ndipo ikaja Operesheni Vijiji. Watu walihamishwa katikati ya maisha yao: huyu ametoka kupanda, yule ameanika mihogo, mwingine ameagiza shanga mjini. Kulikuwa na misumari thelathini na mmoja kwenye ukuta wa Kudra, kila mmoja una uzi wa mwanamke fulani, na ghafla wanawake hao hawakuwa mahali walipokuwa. Kudra alianza kutuma maneno. Aliwatuma makondakta, wauza asali, mainjilisti wenye baiskeli, mtu yeyote aendaye shamba. Mmoja mmoja walikuja. Wengine walitembea siku mbili. Kila mmoja alipofungwa uzi wake, Kudra aling'oa msumari kwa koleo, akautupa. Ukuta ulijaa matundu.

Sasa ulibaki msumari mmoja.

Na hapo ndipo mambo yalipokwama. Shanga kutoka nje zilikuwa haziji tena, makopo yalikuwa yanatoa sauti ya utupu, na jicho la kushoto la Kudra lilikuwa limefunikwa na utando. Hussein, mwanawe, fundi mwashi, alipata kazi Dodoma ambako mji mkuu ulikuwa unajengwa. Alipata na vyumba viwili. Kimoja kilikuwa cha mama yake. Lori lilikodiwa liondoke alfajiri ya Alhamisi. Kudra hakukataa. Alisema hivi: "Nitapanda siku nitakayopata habari ya mwenye msumari ule. Awe amekuja, awe amefika Kenya, awe amekufa. Nijue. Siwezi kuuacha uzi wa mtu unaning'inia ukutani kwenye nyumba tupu."

Nathanaeli aliingia dukani Jumatano.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Karibu. Usikanyage hicho kigunia, kina vikombe vya Mosi, mke wa Hussein. Amefunga nyumba nzima, nimebaki mimi tu."

Sauti ya mwanamke ilitoka uani. "Wewe nitakufunga kesho asubuhi, mama, kwa kamba ya katani."

"Umemsikia?" Kudra alimwambia mgeni. "Ndio wakwe wa siku hizi."

Nathanaeli alicheka. Duka lilinuka nta na bati. Juu ya meza palikuwa na sinia la chembe nyekundu na nyeupe, na kikombe kidogo cha kahawa kisicho na mkono, ambacho ndicho kilikuwa kipimo. Alisema anataka shanga za mtoto wa kike, mwaka mmoja na nusu.

"Yuko wapi?"

"Ulemo."

"Mlete basi."

"Mama, mimi msafiri. Kesho niko Dodoma."

"Na mimi naambiwa msafiri. Mtoto bado yuko Ulemo." Alichota chembe kwa kikombe, akazimimina kwenye kipande cha gazeti. "Nitakupa chembe na uzi, mama yake atatunga mwenyewe. Ulemo ndiko kwenu?"

"Ndiko kwetu. Ila kazi nafanya Mwamko."

Mkono wa Kudra ukasimama.

"Mwamko kule walikopelekwa watu wa bondeni?"

"Huko huko."

Aliweka kikombe chini polepole, kama mtu anayeogopa kumwaga. "Mwanangu, mwaka mzima nimemwomba Mungu anitupie mtu mmoja wa Mwamko. Unamjua Magdalena? Mke wa Antipasi. Mrefu, ana mwanya, akicheka anaziba mdomo kana kwamba ameiba kitu."

Nathanaeli alimjua. Katika watu wote wa Mwamko, huyo ndiye aliyemjua zaidi.

"Namjua," alisema.

"Ni mzima?"

Miezi kumi na minane alikuwa ameliandalia jibu swali hilo. Aliliandaa kwa ajili ya wakubwa wake, kwa ajili ya mchungaji, kwa ajili ya wazee wa ukoo wa Antipasi. Jibu lilikuwa refu, lina maneno kama mazingira na mvua za ghafla. Hakuna hata mmoja wao aliyewahi kumuuliza. Sasa aliyeuliza ni muuza shanga, uso umemchangamka, amemwinamia kama mama anayesubiri salamu kutoka kwa binti yake aliye mbali.

"Mzima," alisema.

Kudra akafumba macho. "Alhamdulillahi. Alijifungua?"

"Alijifungua."

"Wapi, porini?"

"Tuna zahanati, mama. Ina muuguzi."

Magdalena alijifungua kweli. Zahanati ipo kweli. Nathanaeli aliyashika maneno hayo mawili kama mtu anayevuka mto uliojaa ashikavyo majani ya ukingoni.

"Mtoto gani?"

"Wa kike."

"Nilijua. Nilimwambia, kwa tumbo hilo ni wa kike. Wamempa jina gani?"

Jina lililokuwa karibu na ulimi wake lilikuwa moja tu. "Anastazia."

"Mosi," Kudra aliita, "njoo usikie, mtoto wa msumari anaitwa Anastazia." Akamgeukia tena. "Mbona mama yake haji?"

"Wanapura uwele, mama. Wa nyumbani na wa shamba la kijiji."

"Akimaliza kupura?"

"Atakuja."

Hakupanga kulisema hilo. Lilitoka kama yanavyotoka maneno ya mwisho wa barua. Alijiambia kwamba bibi huyu anahama, kwamba maneno mema hayana uzito, kwamba kesho kutwa kila mmoja atakuwa Dodoma na habari itakuwa imekwisha. Bado hakujua alichokifunga.

Kudra alisimama, akashusha mzigo wa ule msumari. Zilikuwa nyuzi mbili. Mmoja mrefu, wa mama. Wa pili mfupi sana. Ukiuzungusha haukuzidi mdomo wa kikombe cha chai.

"Alikuja hapa mimba ina miezi sita," alisema. "Akaniambia, mama, nitungie mbili, nitarudi naye tufungwe siku moja. Nikautunga huu mdogo kwa kukadiria kichanga wa siku saba. Sasa huu haumtoshi hata mkononi." Alicheka. "Haya, nionyeshe. Kiuno chake kinafikia wapi?"

"Sijui, mama. Sikuwahi kupima."

"Nani kasema upime? Mnyanyue. Kama unavyomnyanyua ukimkuta."

Nathanaeli akainua mikono yake miwili mbele ya kifua, vidole vimepinda, na mikono ilijua yenyewe mahali pa kusimama. Ilikuwa imetoka kumshika mtoto asubuhi ile. Vidole gumba viliacha nafasi kwa ajili ya kitovu. Mkono wa kushoto ulishuka kidogo, kwa sababu mtoto aliye hai hatulii. Kudra alichukua uzi mtupu akauzungusha kwenye hewa iliyokuwa kati ya viganja hivyo, taratibu, akiugusa huku na huku, akauminya kwa kucha pale ulipokutana.

"Ana tumbo," alisema. "Anakula vizuri huyu."

Kisha akaketi, akatoboa nta kwenye ncha ya ule uzi mdogo, akaanza kuongeza.

Nathanaeli angeweza kuaga. Alikaa juu ya kigunia cha vikombe akatazama. Nyekundu, nyeupe, nyeupe, nyekundu, kisha bluu. Kila chembe ilipita kwanza kwenye ncha ya ulimi wa Kudra, halafu ikaingia kwenye sindano. Bluu zilikuwa tano tu kwenye kopo. Zilipokwisha, Kudra alivua kikuku cha shanga alichovaa mkononi, kilichokuwa na weupe wa ngozi chini yake kwa miaka ya kukivaa, akazichomoa bluu zake moja moja, akaziingiza kwenye uzi wa Anastazia.

Na mbele ya macho ya Nathanaeli likarudi lile bonde.

Ilikuwa mwezi wa kumi na mbili, mawingu meusi. Magdalena alisimama mlangoni, mkono mmoja umeshika mgongo. Antipasi alikuwa amekwisha kupakia majembe na kuku. "Baba," Magdalena alimwambia Nathanaeli, ambaye walikuwa karibu umri mmoja, "niache hapa nijifungue. Nikishatoka arobaini nitakuja mwenyewe kwa miguu, na mtoto mgongoni. Siendi popote pengine. Nakuahidi." Nathanaeli alimjibu kwa upole. Alikuwa hapigi watu, hakuchoma paa la mtu, na alijivunia hilo. Alimwambia, "Mama, huko kuna zahanati."

Zahanati ilikuwa vigingi vinne na kamba. Aliiona kwenye ramani, akaiamini ramani. Siku ya nne, jioni, mvua ikiwa inapiga turubai la lori walilolifanya paa, Magdalena alishikwa na uchungu. Wanawake waliomzunguka walimwomba Nathanaeli ashike taa, kwa kuwa hakukuwa na mkono mwingine mkavu. Aliishika. Aliishika mpaka haikuhitajika tena. Mtoto alikuwa wa kike. Waliwazika pamoja kabla nyumba ya kwanza ya Mwamko haijasimama, na Antipasi akaenda Tabora kwenye tumbaku bila kumuaga mtu.

Siku ya tano Nathanaeli aliandika taarifa. Iliishia na maneno haya: Zoezi limekamilika bila tatizo.

Wapo watakaosema habari hii inakitukana kijiji. Hapana. Watoto wa Mwamko wanasoma, na mwaka huu wanawake saba wamejifungua kwenye zahanati na wote saba wapo. Na tujenge vijiji elfu. Lakini sentensi ile na ichomwe, na mkono ulioiandika ujue ulichoandika, kwa sababu taifa changa likijifunza kuandika sentensi za namna hiyo, litakuja kushindwa kusoma makaburi yake lenyewe.

Jua lilikuwa linaelekea kuzama Kudra alipoziba ncha kwa nta. Hussein akaingia, mtu mpana mwenye saruji kwenye nyusi, akamsalimia mgeni kwa kumwita ndugu.

"Habari imepatikana," mama yake alimwambia. "Magdalena mzima. Mtoto mzima, anaitwa Anastazia."

Hussein aliketi kizingitini kama mtu aliyetuliwa mzigo. "Basi yamekwisha. Mungu mkubwa. Ndugu huyu atawapelekea."

"Atapelekaje?"

"Mfukoni, mama."

"Na nani atafunga? Yeye? Atamvua nguo mke wa mtu amfunge shanga?"

Mosi alicheka uani. Hussein hakucheka. "Mama, lori ni saa kumi na mbili."

"Najua saa ya lori. Wewe ulinisikia nilichosema. Nilisema nijue habari yake. Sasa nimeijua. Yuko hai, anapura uwele, na akimaliza atakuja hapa na mtoto mgongoni, atoke huko kote. Akute mlango umefungwa?" Alizitundika nyuzi zote mbili. "Mtangulie. Nitawafuata."

"Kwa macho hayo? Nani atakupikia?"

"Kwani sasa hivi nani amekula chakula kibaya hapa?"

Hussein alimtoa Nathanaeli nje, wakasimama mbele ya cherehani ya jirani. Alikuwa mtu mwenye adabu na alitafuta maneno kwanza. "Ndugu, kazi yangu inaanza Jumamosi. Siwezi kungoja hata siku moja. Mwaka mzima nimengoja mtu wa kutoka Mwamko, nikajua neno lolote atakalokuja nalo litatufungua. Hata la msiba. Alisema mwenyewe, akiambiwa amekufa, atamwombea dua, atapanda lori." Akajikuna saruji nyusini. "Ni la heri tu ndilo sikulifikiria. Una hakika atakuja?"

Hapo ndipo palikuwa mahali pa kusema kweli. Neno moja tu. Lakini kulisema ilikuwa kusema pia kwamba alimwacha mama wa mtu avue kikuku chake kwa ajili ya mtoto aliyeko udongoni, na kwamba alimpa mtoto huyo kiuno na tumbo na jina. Nathanaeli alivitazama viatu vyake.

"Nitapita asubuhi," alisema.

Hakulala sana. Kila alipofumba macho, mikono yake ilikuwa imeinuka tena mbele ya kifua.

Saa kumi na moja na nusu alikuwa njiani kuelekea nyuma ya soko. Upepo wa asubuhi ulikuwa unasukuma vumbi na manyoya ya kuku barabarani. Lori lilikuwa limesimama mbele ya mlango wa kijani, limejaa, na Hussein alikuwa anakaza kamba. Nathanaeli alimwambia pale pale, haraka, bila mazingira na bila mvua za ghafla. Alisema, "Amekufa. Alikufa siku ya nne baada ya kuhama. Na mtoto. Niliwahamisha mimi."

Hussein aliiacha kamba. Nathanaeli akangoja ngumi, akaitamani.

"Kamwambie mwenyewe," Hussein alisema.

Kudra alikuwa amekwisha kuvaa, amejifunga khanga mbili, anafagia duka. Nathanaeli alipiga goti moja kwenye sakafu ya udongo kwa sababu hakujua afanye nini na urefu wake.

"Mama, jana nilikudanganya. Magdalena hayupo. Alifariki akijifungua."

Kudra aliacha kufagia. "Na mtoto?"

"Naye."

"Wote wawili."

"Wote wawili, mama."

"Lakini zahanati ipo."

"Ipo sasa. Wakati ule haikuwepo."

Alimtazama Nathanaeli, kisha akamtazama mwanawe mlangoni, mwenye kamba begani, na uso wake ukalegea kwa huruma. Haikuwa huruma ya msiba.

"Hussein," alisema, "umemtoa mtoto wa watu kitandani alfajiri yote hii aje anene maneno haya?"

"Wallahi mama, sikumtuma. Kaja mwenyewe."

"Simama, baba, utachafua suruali." Aliishika mikono ya Nathanaeli akamwinua, lakini hakuiachia. Aliigeuza, akaifungua viganja, akaiweka kama ilivyokuwa jana, mbele ya kifua. "Tangu wewe hujazaliwa mimi napima viuno. Wamekuja hapa watu kuniongopea umri, kuniongopea ndoa, kuniongopea mimba. Mdomo huo unaweza kusema lolote. Mikono hii jana ilimshika mtoto mzima mwenye uzito. Huu wa kushoto ulishuka hivi. Mtu hawezi kuyatunga haya."

"Ni mtoto wa dada yangu, mama. Nilimshika jana asubuhi, Ulemo. Anastazia ni yeye."

"Na Magdalena naye ni dada yako?"

"Mama, nisikilize."

"Nimekusikiliza jana. Jana hakuna aliyekuwa na haraka." Alimgeukia Hussein, na sauti yake ikawa ndogo. "Mwanangu, kama unanihitaji sana, ungesema tu unanihitaji. Usimuue mzazi wa watu na kichanga chake ili mimi nipande gari."

Hussein akaja akambusu mkono. Dereva alipiga honi, mara moja tu, kwa heshima.

Nathanaeli alisimama kando ya ukuta wa muuza asali na kuyaona yote yaliyofuata. Mosi aliteremka kwenye lori akiwa analia, akamwachia Kudra sufuria moja, kibuyu cha mafuta na nusu debe la unga, akamwagiza mke wa fundi cherehani amwangalie, akapanda tena. Hussein aliteremka mara mbili. Mara ya kwanza alimpa mama yake koti lake la mvua. Mara ya pili alisimama tu mbele yake, na mama akamsukuma kifuani kwa viganja viwili kama anavyosukumwa mtoto anayechelewa shule. Lori likaondoka. Lilipokata kona kuelekea Mandewa, juu kabisa ya mzigo, miguu yote minne ikiwa imetazama mbinguni, kilionekana kitanda cha Kudra, ambacho hakuna aliyekumbuka kukishusha.